Mtemi wa Kofia Mbili

Nimestaafu kiti, sijastaafu mdomo. Siku ile ya kuniaga, vijana wa ofisi ya utamaduni, mlinipa kitenge na soda, halafu mmoja wenu akaniuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Hivi zamani mlikuwa mnafanya kazi gani hasa?" Nikaitikia marahaba, nikamaliza soda yangu, nikanyamaza. Tangu hapo nimekaa nyumbani Biharamulo nikiliwaza lile swali, na naona nisipolijibu litanipandisha presha. Basi someni. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyeo vilichelewa na mshahara hamtauamini.

Niliripoti kazini nikiwa msichana mwembamba mwenye sanduku la bati, wakati watu wilayani wanahamia vijiji vya ujamaa, wengine kwa kupenda na wengine kwa kupakiwa. Nilitegemea kukuta ofisi. Nilikuta chumba nyuma ya stoo ya pamba, kipaza sauti cha betri kisicho na betri, ngoma mbili zilizopasuka, na juu ya ngoma moja amekaa Bwana Bakari, anaandika.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Babu zake walitoka pwani kuja kuuza nguo hapa mjini, na yeye alizaliwa hapa hapa, lakini Kiswahili chake kilibaki kimenyooka mpaka wanavijiji wakawa wanatikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa kitu. Hakuniuliza cheti. Aliniangalia juu ya miwani, akasema, "Binti Leokadia, unajua kulia?"

"Kulia?"

"Kulia. Mbele za watu, bila ya kufiwa."

Nikamwambia najua. Nilikuwa na kaka watano, kulia kwa kusudi nilianza mapema.

"Basi kazi umepata. Wewe ni dada wa Mtemi."

Mtemi mwenyewe alikuwa wa kubuni, na mchezo ulikuwa wa enzi za Wajerumani. Mjerumani anafika kwenye nchi ya Mtemi, anataka vijana wa kubeba mizigo. Asipowapata atachoma maghala yote. Mtemi anaficha nusu ya mtama porini, hilo ni jema. Kisha anatoa vijana wa kitongoji kimoja, na kitongoji chenyewe ni kile alichogombana nacho, hilo si jema. Ili watu wasiseme anapendelea, anamtanguliza mpwa wake, mtoto wa dada yake, yaani wangu. Mwisho Mjerumani anampa mwavuli kama asante, na Mtemi anaupokea. Tena anaufungua, anaufunga, anaufungua tena. Halafu anabaki peke yake, anawageukia watazamaji na kuuliza, "Ninyi mngefanyaje?" Hapo nilitakiwa nivute pazia, ambalo lilikuwa shuka la Bwana Bakari.

Bwana Bakari alilipenda lile swali kuliko mke wake wa pili. Alisema mchezo mzuri humwacha mtu aende nyumbani na mzigo kichwani. Sote tuliona ni maneno mazuri, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba watu wangejibu.

Mtemi alichezwa na Sezari, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Sezari alikuwa mpole kiasi cha kuwaomba radhi kuku kabla ya kuwafukuza jikoni. Lakini akivaa joho lile la blanketi, sauti inashuka tumboni, macho yanakuwa mazito, unamwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja. Mjerumani alikuwa Petro, dereva wetu wa Landrover, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na buti. Tulimpaka unga wa muhogo usoni. Jua likiwaka na jasho likitoka, mpaka sehemu ya tatu alikuwa na ugali kidevuni.

Sasa lazima niwaeleze vijiji vya wakati ule. Watu hawakukusanyika kutazama mchezo, walikusanyika kwenye mkutano wa kijiji, na mchezo uliwekwa mwishoni kama sukari ya kuwazuia wasitoroke. Kwa hiyo pale Sezari alipouliza mara ya kwanza kabisa, "Ninyi mngefanyaje?", nami nimeshika shuka tayari kuvuta, mwenyekiti wa kijiji akasimama.

"Swali la Mtemi ni zuri," akasema. "Ndugu wajumbe, tuchangie."

Wakachangia. Mmoja akasema Mtemi ana kosa la kutoshirikisha kamati. Mwingine akataka kujua mtama uliofichwa uligawiwa kwa utaratibu gani. Mzee mmoja akasema yote anaweza kusamehe isipokuwa mwavuli. Bwana Bakari alijaribu kueleza kwamba mchezo umekwisha, akaambiwa anyooshe mkono. Jua lilipoanza kuzama wakapiga kura, wakaafiki kwamba Mtemi apewe karipio. Sezari, akiwa bado na joho, alisimama na kuwashukuru.

Ikawa ndio mtindo. Kila kijiji kilimhukumu kivyake. Kuna mahali walimchagua kuwa balozi wa nyumba kumi, ikabidi tuwaeleze kwamba hana nyumba pale. Ngara, ambako tulimwita Mwami badala ya Mtemi ili wenyeji wamwelewe, watu walitazama kimya, wakaondoka kimya, tukadhani wamechukia. Asubuhi tukakuta wakulima wawili mlangoni, wamegombea mpaka wa shamba la kahawa tangu ujana wao. Walimtaka Mwami, si Sezari. Walisema mtu anayeona pande zote mbili za jambo kwa uchungu ule ndiye wanayemtafuta. Sezari akavaa joho, akaenda shambani, akaamua kesi, na nasikia mpaka ule upo hadi leo.

Lakini mhakiki bora niliyepata kumwona katika miaka yangu yote ya kazi ni bibi mmoja wa huko huko, karibu na Kabanga. Mchezo ulipokwisha alikuja mbele akiburuta mkungu wa ndizi, akauweka miguuni kwa Mtemi. "Hizi za maghala," akasema. Halafu akachomoa mwiko kwenye mkanda wa kanga, akampiga nao begani. "Na hii ya mpwa." Akaenda zake. Mmewahi kusikia semina ikisema zaidi ya hapo?

Kuna jambo jingine nilijifunza, nawaachieni bure. Mjerumani watu walimpenda. Walimzomea mchezo mzima, na ukiisha walimwita Petro wakampa viazi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakampigapiga mgongoni, wakamwomba atembee tena na zile buti. Ubaya wake ulikuwa umenyooka, ulikuwa haumsumbui mtu. Aliyewanyima usingizi ni Mtemi. Sezari alikula peke yake, watu wakimwangalia kwa mbali kama mtu mwenye kikohozi kisichoeleweka. Mimi nilipewa mayai, na kina mama walinikumbatia visimani wakisema, "Pole kwa mwanao." Sikuwa hata na mchumba.

Taarifa za kura zikamfikia Katibu wetu wa wilaya, mtu wa mpango. Alituita. "Huyu Mtemi," akauliza, "ni mwenzetu au si mwenzetu?"

"Ni mtu," akajibu Bwana Bakari.

"Hiyo si mojawapo ya nafasi zilizopo." Katibu akafikiri, uso ukang'aa. "Mnunulieni kofia mbili. Akitenda jema avae nyeupe, akitenda baya avae nyeusi. Wananchi wasichoke."

Bwana Bakari alitoka mle ofisini akitembea kama mtu aliyepigwa na jua. Lakini kofia tukazinunua.

Hapo ndipo tulipokwenda Nyarubungo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sezari alikuwa amechumbia. Binti aliitwa Veneranda, mwalimu mwenzake wa kisomo, mfupi, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha mbuzi. Baba yake, Mzee Baltazari, alikuwa mkulima wa Nyarubungo, mtu wa kanisani mstari wa mbele, na alikuwa bado hajamwona mkwe mtarajiwa. Sezari akaona hii ni bahati: mzee atamwona akiwa kazini, mbele ya watu, amevaa joho. Nilimwambia angoje. Lakini aliyependa hana masikio.

Mzee Baltazari alikaa mbele kabisa kwenye kigoda. Mchezo ukaenda vizuri mpaka ile sehemu yenyewe. Sezari akavaa nyeusi, akasema, "Chukueni vijana wa kitongoji cha bondeni." Akavua, akavaa nyeupe. "Na mpwa wangu awe wa kwanza." Hapo akasita. Kumtoa mpwa ni jema, kwa kuwa hapendelei, au ni baya, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake? Akavaa nyeusi tena. Akanitazama. Mimi nalia, siwezi kumsaidia. Akavaa nyeupe juu ya nyeusi, na akamaliza mchezo akiwa na kofia mbili kichwani na mwavuli mkononi, huku kijiji kizima kikishika mbavu kwa kucheka. Mzee Baltazari hakucheka.

Sezari alivua joho, akamwendea, akainama. "Shikamoo, baba."

Mzee akaangalia migomba.

"Shikamoo, baba," Sezari akarudia.

Mzee akainuka, akachukua kigoda chake, akaondoka. Huku kwetu unaweza kumnyima mtu maji, ukaonekana mchoyo tu. Kumnyima marahaba ni kumwambia hayupo. Sezari alibaki ameinama mpaka nikamshika mkono.

Bwana Bakari aliona kwamba kwa kuwa Mtemi ni wake, na ushenga uwe wake. Tukaenda, yeye na mimi, na sukari ambayo ilipatikana kwa kubembeleza duka zima. Mzee Baltazari alitukaribisha vizuri, akatupa viazi vitamu na maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila l ikimwachia r kiti, lakini hoja zake zilikaa.

"Mzee wangu," akaanza Bwana Bakari, "ule ulikuwa mchezo."

"Najua ni mchezo. Mimi si mjinga. Rakini amecheza vizuri mno. Mtu asiye na yare mambo ndani, angeyatoa wapi?"

"Yale nimeyatunga mimi, mzee. Kila neno."

Mzee Baltazari akamtazama kwa huruma. "Kumbe wewe ndiyo mbaya zaidi."

Veneranda, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya ukuta wa jikoni, akatoka na mwiko wake mkononi. "Baba, Petro aliyecheza Mjerumani mlimpa viazi! Hicho kibuyu cha rubisi ulimpelekea wewe mwenyewe!"

"Mjerumani najua nimzuie wapi," akasema mzee. "Huyu wa kofia mbiri, siku mbaya ikifika, sijui atavaa ipi. Na wewe ndiyo utakuwa ndani ya nyumba yake."

Ile ndiyo mara ya kwanza niliona Bwana Bakari amekosa neno la Kiswahili. Njiani aliniambia kwamba mzee yule ameuelewa mchezo kuliko Katibu, na kwamba jambo hilo linamfurahisha na kumtia uchungu kwa pamoja. Sezari tulimwambia ukweli. Alisema, "Basi," akaenda kufundisha darasa la jioni, na ubaoni akaandika sentensi moja akaisahau katikati. Sitawaficha, nililia siku ile, na safari hii si kwa kazi.

Vita ilipoanza huko Kagera, michezo ikasimama. Landrover yetu ilichukuliwa, na Petro akachukuliwa nayo, pamoja na buti zake. Malori ya jeshi yalipita, vijiji vikachangia ng'ombe, maharage na ndizi, na kila kijiji kikatakiwa kutoa vijana wa mgambo. Nyarubungo wakaunda kamati ya kuchagua nani aende. Mwenyekiti wa kamati wakamweka mtu mwenye msimamo, asiye na kona, anayekaa mstari wa mbele kanisani. Mnamjua.

Habari zake hatukuzijua mpaka vita ilipokwisha na Petro amerudi, amenenepa, akisimulia mambo ambayo mengine tulijua hakuyaona. Ofisi ikaagizwa iandae mchezo wa ushindi. Bwana Bakari alikuwa ameanza kuuandika alipopata ujumbe kutoka Nyarubungo: hawataki mchezo mpya, wanamtaka Mtemi. Aliyeomba ni Mzee Baltazari.

Sezari alikataa. Alisema kuaibishwa mara moja kunamtosha. Veneranda, ambaye muda wote ule alikuwa amewakataa waposaji kwa kicheko tu, akamwambia, "Wewe njoo uulize lile swali lako. Baba anakohoa usiku, halali." Sezari akaenda. Kofia tulizibeba kwenye sanduku, lakini Bwana Bakari alisema safari hii hazivaliwi, na kama Katibu anazitaka aje azivae mwenyewe.

Mkutano ulijaa. Mzee Baltazari alikuwa pale pale mbele, kwenye kigoda kile kile, amekonda. Kwenye kile kipande cha mpwa hakuna aliyecheka. Nilipolia, nilisikia na wengine wakilia, na sikujua kwa nini. Hata mwavuli haukuzomewa. Sezari akabaki peke yake, akawageukia. "Ninyi mngefanyaje?"

Mwenyekiti wa kijiji akasimama kufungua mjadala, kama kawaida. Mzee Baltazari akamwashiria akae.

"Zire kofia ziko wapi?" akaniuliza.

Nikasema zimo sandukuni.

"Nipe, mama."

Nikampa. Akavaa nyeusi. Juu yake akavaa nyeupe, akaibonyeza ikae. Ilikuwa ndogo, ikasimama kichwani kama kifuniko cha chungu. Watoto wakaanza kucheka, na baadhi ya watu wazima. Akawageukia akiwa vile vile.

"Wakati wa vita mriniweka nichague," akasema. "Nirichagua. Mtoto wangu Deo nirisema ana mguu. Deo hana mguu."

"Ana miguu miwili, mzee!" akapaza mtu.

"Ndiyo hivyo. Miguu yote mizima. Nafasi yake nikampereka Yohana, mtoto wa jirani yangu Emeriana. Kira asubuhi nirimsarimia Emeriana, akaniitikia vizuri, akaniombea baraka. Nimekura ndizi zake. Siwezi tena."

Kicheko kilikwisha. Emeriana alikuwa amekaa kwa kina mama, na kila mtu akageuka kumtazama. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kazi yake ilikuwa imemkaa mwilini, akauliza kwa sauti ndogo, "Wanaoafiki?" Hakuna mkono uliopanda. "Wanaopinga?" Hakuna. Katika miaka yote ile, ndicho kikao peke yake nilichoona kimeshindwa kupiga kura.

Ndipo Yohana mwenyewe, aliyerudi mzima tangu wiki za mwanzo baada ya vita, akasimama nyuma kabisa. "Mzee, mimi sina neno. Nilipewa suruali!" Akageuka suruali ionekane vizuri. Watu wakacheka mpaka kofia nyeupe ikaanguka, na Emeriana akaja mwenyewe, akaiokota, akaipangusa vumbi, akamrudishia mzee kichwani. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia tu, "Usiivue bado."

Sezari alikuwa bado amesimama pale mbele na joho lake na mwavuli, hajui kama mchezo umekwisha au la. Mimi nami nilikuwa nimelishika lile shuka, sijui nivute au nisivute. Nikamwona Veneranda kwenye umati, ameziba mdomo kwa mikono miwili, na kicheko chote kimemwisha. Sezari akauweka mwavuli chini. Akamsogelea mzee, akainama kama alivyoinama mwaka ule, na sauti ikamtoka ile yake ya kuwaomba kuku radhi.

"Shikamoo, baba."

Mzee Baltazari akamtazama, kofia mbili zimemkaa upande.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Rakini yure mpwa ungemficha."